Biringanya za Kordoba

Mtoto wa madam alizoea mgongo wangu, na aliyemzoesha ni mimi. Kwetu Ukambani mtoto akilia hufungwa mgongoni kwa leso na kazi ikaendelea. Ndivyo nilivyofanya Riyadh, katika nyumba yao ya Olaya, ili nipige pasi kwa amani. Haukupita muda mtoto akawa hashiki usingizi mahali pengine popote. Kitanda chake cha bei kali kikageuka cha kuwekea nguo zilizokunjwa.

Tulikuwa wafanyakazi wawili. Mwenzangu alikuwa mama wa Mombasa, Mwislamu, mpishi wa nyumba ile tangu zamani. Mimi niliingia baadaye, miaka ile mawakala walipokuwa wakifika mpaka vijijini kwetu kutafuta wasichana wa kupeleka Saudia. Yeye ndiye aliyenifundisha kupika kabsa, wali wao wa nyama, na kunyamaza. Nilimwita Dada, ingawa kiumri angeweza kunizaa.

Mwaka huo binti yake wa pekee alikuwa anaolewa, na likizo ya Dada ilikuwa imeshakubaliwa. Mabosi, madam na mumewe, walikuwa wanakwenda Uhispania kutembea. Dada angerudi Mombasa harusini, nami ningebaki Jeddah kumtunza mama mzazi wa madam, bibi asiyeweza kusimama bila kushikwa. Tulipofika Jeddah kwa bibi, Dada alikwenda sokoni Balad akanunua shela na udi. Sanduku lake alilipanga, akalipangua, akalipanga tena, akiimba.

Kisha madam akajaribu kumlaza mtoto mwenyewe. Mtoto alilia mpaka bibi akauliza nani amekufa.

"Wewe twende Isbania," madam aliniambia jikoni. Akamgeukia Dada. "Wewe kaa na mama. Mombasa baadaye. Halas."

Dada aliendelea kukata vitunguu. Mimi ningeweza kusema, "Madam, nipe siku chache nimzoeshe kitanda." Maneno hayo yalinifika kooni nikayameza. Mtu asinitafutie udhuru: nilikuwa nimeshaanza kuwaza ndege, na nilitaka kwenda.

Kordoba ina vichochoro vyeupe vyembamba, na kutani wametundika vyungu vya maua kama sisi tunavyoanika nguo. Madam na bosi walipiga picha kila kona. Nyuma yao nilikuwa mimi na mtoto mgongoni, na watalii wengine waliacha kutazama maua wakanipiga picha mimi. Mchana bosi aliagiza biringanya. Nikajisemea, yaani tumepanda ndege kuja kula biringanya? Zilikuja zimekatwa vipande virefu, zimekaangwa mpaka zikakauka, zimemwagiwa asali nyeusi. Nilikula nikalamba vidole, madam akacheka, nami nikacheka. Alinipiga picha kwa simu yangu mwenyewe, mdomo umejaa.

Kesho yake tuliingia katika ule msikiti mkubwa wa kale, ambao baadaye uligeuzwa kanisa. Nguzo ni nyingi mpaka macho yanachoka, na juu yake matao yenye mistari myekundu na myeupe. Bosi alisimama, macho yamemlowa, kwa sababu walinzi hawamruhusu mtu kuswali mle. Katikati kabisa niliona altare. Riyadh hatukuwa na kanisa. Wakristo sisi tulisali kwa simu, earphone zimechomekwa masikioni, huku tunaosha vyombo. Bosi alikuwa msibani na mimi nimefika nyumbani, ndani ya jengo moja. Madam aliliona hilo usoni pangu, akanionyesha kwa mkono niende.

Nilipiga magoti na mtoto mgongoni, nikaomba yangu yote. Nilimwombea mama yangu, nikaomba paa la nyumba, nikaombea hata ikama yangu, kibali cha kuishi, isicheleweshwe. Tulipotoka kwenye ua wa michungwa ndipo nilipokumbuka siku. Ilikuwa siku ya harusi. Dada alikuwa Jeddah anamgeuza bibi ubavu, nami sikuwa nimemtaja hata kwa neno moja. Nikaona aibu kurudi ndani.

Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya, uwanja wa ndege, nifute picha zote. Niliona nikirudi na mdomo uliojaa biringanya nitakuwa ninamtia chumvi kwenye kidonda.

Jeddah, Dada alinipokea mkoba mlangoni. "Haya, nieleze."

"Hakuna cha maana, Dada. Hoteli tu, na mtoto kulia. Chakula chenyewe mikate tu."

"Na picha?"

"Sikupiga."

Aliketi kwenye kiti cha jikoni pole pole, kama mtu aliyeambiwa habari mbaya.

"Niliwambia wakwe kwamba mabosi wamenichukua Uispania," alisema. "Ningesemaje? Kwamba nimenyimwa ruhusa, harusi ya mwanangu, nikaoshe mtu mzima? Wangemdharau mwanangu mbele ya wifi zake. Wangojea picha. Hata za majumba tu, zisokuwa na mtu."

Niliketi sakafuni nikamweleza kila kitu. Matao, michungwa, vyungu ukutani. Nilipofika kwenye biringanya alinikatiza kama mpishi, akataka kujua kama zilitiwa chumvi kabla ya kukaangwa. Hakuniuliza kwa nini nilisema uongo. Afadhali angeuliza.

Alasiri hiyo binti yake alipiga simu, na Dada akaweka sauti ya juu ili nimsaidie.

"Biringanya kwa asali, mwanangu. Na maua mpaka kutani. Picha? Simu yangu ilianguka majini, we, zikapotea zote."

Nikamnong'oneza habari za nguzo, naye akazisema vizuri kuliko mimi.

"Na ule msikiti wa kale, Mama, uliingia?"

"Niliingia."

"Ilikuwa siku yangu?"

Dada alinitazama. Niliitikia kwa kichwa.

"Uliniombea?"

Alinitazama tena, muda mrefu kidogo. Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwangu, pumzi yake inanichoma shingoni. Niliitikia tena kwa kichwa.

"Nilikuombea, mwanangu," Dada alisema, akanishika mkono kunishukuru.