Ufunguo Shingoni mwa Mwenyekiti

Mwenyekiti wa umeme wetu wa maji, huku milimani juu ya Matema, huvaa ufunguo wa mtambo shingoni hata kanisani, na huupapasa kama askofu msalaba wake. Mfereji tulichimba wote. Yeye alichimba kwa mdomo. Jana maji yalipopungua, akakata laini ya zahanati, friji la grosari yake likaendelea kuunguruma. Muuguzi Tukuswiga akamfuata hapo grosari na boksi la chanjo za watoto.

"Baba, zinaharibika!"

"Ndaga, mwanangu, asante kwa taarifa. Tutakaa kikao. Kunywa soda kwanza, ya baridi."

Tukuswiga akafungua friji, akatoa bia zote, akazipanga juani, akaingiza chanjo.

"Haya, kata na laini hii."

Mwenyekiti akaupapasa ufunguo, kisha ule mdomo uliochimba mfereji ukaomba bia zihamishiwe kivulini.