Dirisha la Kadibodi

Siku zetu sisi, mtoto alianza kukiogopa kitabu kabla hajajua kukifungua. Nyie tuliosoma wakati mmoja mtanielewa upesi; hawa wa sasa wanaolala na simu kifuani wataona naongeza chumvi. Huenda naongeza kweli. Mimi nilikomea darasa la saba, naandikaga tu kwenye daftari langu hapa Kigera, Musoma mjini, nikishamaliza kazi, na kesho yake nikirudia kusoma naona nusu nimekosea. Lakini hofu ya darasa la kwanza sijaikosea. Hiyo naikumbuka mpaka harufu yake.

Ilikuwa harufu ya kinyesi kibichi cha ng'ombe, maana kila Ijumaa sisi wasichana tulisiliba sakafu ya darasa, ikichanganyika na ya dagaa walioanikwa juu ya mawe ufukweni. Shule yetu ilikuwa kwenye kijiji cha rasini, huko Musoma vijijini, ziwa mbele na ziwa nyuma. Ubao tuliupaka weusi wa betri za redio zilizokufa. Chaki zikiisha, Mwalimu Tabitha aliandika kwa kipande cha muhogo mkavu, na kipindi kikimalizika kuna mtu alikuwa anakitafuna. Na mimi nimekitafuna.

Mwalimu Tabitha alikuwa mtu wa Butiama, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Hakupewa vifaa, akavitengeneza. Alitundika ukutani wavu chakavu wa sato, na kwenye matundu yake akachomeka kadi za silabi alizozikata kwenye maboksi ya sabuni: ba, be, bi, bo, bu. Vizibo vya soda alivichora herufi kwa ncha ya msumari. Gundi yake ilikuwa uji wa muhogo, na panya waliipenda, kwa hiyo kuna asubuhi tulikuta "mbu" haipo kabisa na "nya" imebaki nusu. Siku hizi nasikia walimu wanaitwa semina kufundishwa kutengeneza vitu hivyo hivyo.

Vitabu ndiyo vilikuwa haba. Kitabu kimoja, watoto sita, kimevalishwa karatasi ya mfuko wa saruji. Aliyekaa katikati aliona, wa pembeni walisikia. Tulisoma kwa sauti moja, tunayumba kama tuko kwenye mtumbwi. Nyumbani tuliongea Kijita. Kiswahili kilikuwa cha shuleni na kanisani, kwa hiyo maneno yale kwangu yalikuwa kama wimbo wa ugenini, unaujua wote bila kujua unasema nini. Nikiona picha ya kuku nilijua ukurasa unaanzaje. Nikiona picha ya jembe nilijua unaishaje. Ule wenye doa la mafuta niliufahamu hata bila picha. Niliamini kabisa kwamba huko ndiko kusoma. Sikumdanganya mtu.

Ndipo Mwalimu akaja na kipande cha kadibodi alichokitoboa katikati kwa wembe, tundu la kutosha neno moja. Tulikiita dirisha. Alikiweka juu ya ukurasa, na ukurasa wote ukapotea, likabaki neno moja tu, halina picha, halina jirani, limesimama kama mtoto aliyepotezana na mama yake mnadani. Kisha anasema kwa ile sauti yake ndogo, "Hili." Angeanzia mwanzo wa ukurasa, wengi tungepona. Yeye alianzia popote.

Siku yangu ya kwanza aliniwekea dirisha, nikaimba ukurasa mzima. Alinisubiri nimalize. Akasema, "Unaimba vizuri. Sasa soma." Nikaimba tena, kwa sauti zaidi. Darasa likacheka, na mimi nikahisi jasho linanitiririka nyuma ya magoti.

Nimtendee haki Mwalimu: hakumchapa mtu kwa sababu ya kusoma. Kwa kuchelewa, ndiyo, tulichapwa. Kwenye kusoma alikuwaga anasema fimbo haijui herufi. Lakini sisi tulioimba alituhamishia safu ya ukutani, kwenye maboksi yenye mchanga wa ziwani, na wenzetu wakatupa jina. Tukipita wanasema, "Waimbaji hao, tupeni pambio." Ila nao walijificha migongoni mwa wenzao dirisha likiwasogelea. Niliwaona.

Kwenye safu ile nilikaa na Nyangeta. Baba yake alikuwa mdogo wake baba yangu, alizama ziwani sisi tukiwa bado tunabebwa mgongoni, na mama yake akaolewa kwingine. Kwa hiyo alikuwa wa kwetu. Tulilala mkeka mmoja, tulikula sahani moja, ugali wa udaga, ule muhogo uliovundikwa, na furu, visamaki vya ziwani, wa kuchemsha, na wageni walidhani sisi ni mapacha.

Muhula wa mwisho, shangazi yetu aliyeolewa Bunda akajifungua, akaleta habari kwamba anahitaji msichana wa kumbebea mtoto, maana pamba na ng'ombe vilikuwa vinamwelemea. Baba alituita wote wawili uani. Yeye hakusoma, na naamini alitafuta njia ya haki kuliko zote alizozijua.

"Mkiingia la pili wote," alisema, "shangazi yenu atafute kwingine. Asiyeingia ndiye atakayekwenda. Mkishindwa wote, nitajua mwenyewe." Halafu akanigeukia mimi, ambaye alikuwa ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Na wewe, mama, usidhani damu itakubeba."

Tangu siku ile sikucheza tena kama mtoto. Tukiwa kwenye mchezo wa rede, mpira wa soksi ulinipiga nimeganda, naangalia maandishi kwenye fulana ya mtu, naogopa kuyasoma, naogopa nisiyaweze. Uji wa mtama niliuacha unapoa kikombeni. Kwenda Bunda siyo kifo, sasa najua. Nimefika mara nyingi, ni mji wa watu na watu wake ni wema. Lakini kwa mtoto ambaye hajawahi kulala bila kusikia ziwa, Bunda ilikuwa mahali ambapo jina lako linasahaulika. Na hofu yangu ilikuwa na sehemu mbili: niende mimi nimwache Nyangeta, au aende yeye nibaki na mkeka peke yangu.

Kwenye mchanga Mwalimu alikishika kidole changu akakitembeza. Alisema nisimwambie herufi inaitwaje, nimwambie inatoa sauti gani. Tulichora, tukafuta kwa kiganja, tukachora. Hapo Nyangeta ndiye alikuwa hodari. Herufi za mchangani alizijua zote. Kwenye vizibo yeye anamaliza kupanga neno, mimi bado natafuta cha kwanza kiko wapi. Tukiwa mstarini asubuhi alisimama nyuma yangu, akaniandikia silabi mgongoni kwa kidole, na mimi nikazisema bila kugeuka. Nikikosea ananifinya. "Unakimbilia wapi?" alikuwa ananiambia. "Shika ya kwanza. Ukiishika hiyo, zingine zitakuja zenyewe." Kama leo naweza kuandika haya, ni kwa sababu ya Mwalimu na kwa sababu ya Nyangeta, na sina hakika ni yupi zaidi.

Ila kitabu kikifunguliwa, Nyangeta alibadilika. Alikivuta mpaka karatasi ikagusa pua. Siku moja Mwalimu akamwambia, "Nyangeta, usile kitabu." Tulicheka wote, na yeye alicheka. Baada ya hapo akawa anakiweka mbali kama wenzake, na anakisia.

Siku ya dirisha la mwisho, lile la kuamua nani anaingia la pili, Mwalimu alitoa kiti nje, nyuma ya darasa kwenye kivuli cha paa, akaita mmoja mmoja. Sisi tuliobaki ndani tulisikia sauti bila kusikia maneno. Hakuna aliyetania. Kijana mmoja mkubwa, fundi wa kutuita waimbaji, aliomba kwenda chooni na hakurudi mpaka alipofuatwa.

Kati yetu wawili nilitangulia mimi. Kadibodi ikatua. Niliona m, nikaona b. Nilisubiri wimbo uje, haukuja. Kidole changu kikaanza chenyewe kuandika kwenye paja, taratibu. "Mba," nikasema. "Li." Halafu ndiyo nikasikia nilichokisema. Mbali. Neno nililolijua. Lilikuwa limetoka kwenye karatasi likaingia mdomoni mwangu na hakuna mtu aliyeniimbia. Badala ya kufurahi niliogopa zaidi, kama mtu aliyesikia ukuta unaongea. Mwalimu akasogeza dirisha, nikasoma lingine, na lingine tena. Akaniambia niende nikacheze.

Mlangoni nilipishana na Nyangeta. Nilitaka kumwambia kitu, lakini kitu gani? Mwalimu hakuonyesha watu wawili neno moja. Nikasimama kwenye mawe ya dagaa, nikasubiri. Alirudi mapema mno. Alinishika mkono tukaenda nyumbani tunahesabu ndege.

Siku ya kufunga shule, majina ya wanaoingia la pili yalisomwa mstarini. La kwangu lilisomwa. Nilisikiliza mpaka mwisho, nikaendelea kusikiliza hata baada ya Mwalimu kukunja karatasi. Tulipofika nyumbani shangazi alikuwa ameshawasili, amekaa na mtoto mapajani, ametuletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando. Baba alimuuliza Nyangeta kama amesikia mwenyewe majina. Akajibu kwamba amesikia. Shangazi akasema hata Bunda shule zipo, na atampeleka. Kweli alimpeleka, muhula mmoja, mpaka pamba ilipopasuka na mikono ikahitajika shambani. Simlaumu. Baadaye nilikuja kuliona shamba lile, na nikaiona mikono ya shangazi.

Nyangeta alifunga nguo zake kwenye kanga. Mimi nilikuwa nalia, yeye halii. "Unanililia nini?" akasema. "Mimi nitakunywa maziwa kila siku. Wewe kaa na furu zako." Alitembea nyuma ya shangazi bila kugeuka, na usiku ule nilijifunza kwamba mkeka una upande wa baridi.

Ni miaka ya karibuni tu nilipoanza kuwaza jambo ambalo sipendi kuliwaza. Mchangani herufi zilikuwa kubwa kama kiganja. Dirishani zilikuwa ndogo kama sisimizi. Huenda Nyangeta alikuwa anajua kusoma kuliko mimi, ila alikuwa haoni. Sina hakika, mimi si daktari, na wakati ule hakuna aliyempima mtoto macho. Mwalimu alikuwa na darasa zima la kuliangalia. Baba alijua majina yaliyosomwa, basi. Mimi niliyelala naye mkeka mmoja, nilikuwa mtoto. Najiambia hivyo, halafu siku ya pili najiuliza tena.

Leo nikienda Kitaji kuwaona wajukuu shuleni kwao, nakuta kuta za darasa zimechorwa tembo na tausi, herufi zinaimbwa na simu, na mtoto akikosea neno anacheka anaendelea. Wananifundisha hata mimi. Wananiambia, "Bibi, usibonyeze kama unagonga mlango, gusa tu." Mimi niliyekula chaki ya muhogo, nafundishwa kugusa. Mara nyingine nawaonea wivu, mara nyingine nawaogopea, kwa sababu sijui kama kitu usichokiogopa kinakaa kichwani kama vile vyetu vilivyokaa. Lakini pia sijasikia mtoto wa siku hizi aliyepelekwa mbali na kwao kwa sababu ya neno moja. Nimelipima jambo hili pande zote mbili, na mizani inakataa kutulia.

Nyangeta yuko Bunda mpaka leo, bibi wa watu wengi. Tunawasiliana kwa simu. Yeye hutuma sauti, haandiki, na mimi nimezoea kumjibu kwa sauti. Juzijuzi hapa sauti ilinikauka. Nilisema ni mafua, lakini pengine ulikuwa woga, maana kuna mambo mdomo unayakataa. Nikaandika. Maneno matatu tu: Nyangeta, uliwahi kunichukia? Nikatuma kabla sijafikiria nani atamsomea.

Sauti yake ikarudi. "Dada, mjukuu wangu amenisomea ujumbe wako. Yuko la kwanza, na hajakosea hata neno moja. Sasa amekaa hapa amenikazia macho, anataka kujua bibi yake alimchukia nani. Niambie wewe uliyesoma, nimjibu nini?"

Nimeisikiliza mara nyingi. Mwishoni pana mlio mfupi. Anacheka au anakohoa, sijui. Sijamjibu. Enzi zetu swali kama hilo lingesubiri mpaka mtu apate safari ya Bunda, na njiani angetafuta la kusema. Siku hizi simu inamwonyesha mwenzako kwa alama tu kwamba umeshasikia, na kulijua hilo hakuhitaji kusoma.