Nusu Mbili za Felspa

Mimi na ndugu yangu ni mapacha, na kwetu Mbale pacha habaguliwi. Ukimpa mmoja shati, mwenzake naye anapewa shati. Ukimnyima, ataugua. Baba, askari magereza, aliishika desturi hiyo kuliko kanuni za kazi yake.

Miaka ya tisini mwanzoni nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi. Mzee mmoja wa Kihindu kule Jinja alikuwa na karakana ya vyombo vya udongo, na felspa ndilo jiwe alilolisaga kupata rangi ya kung'aa. Alitaka mtu wa kuchambua mawe kwa macho. Akaniambia, "Niletee fuwele pacha ya felspa, nzima, unionyeshe umeijuaje. Kazi itakuwa yako."

Nikaitafuta wiki tatu kwenye machimbo ya Nakaloke, kati ya wanawake waponda kokoto walionicheka sana. Nikaipata: ya waridi, bapa kama kipande cha sabuni, fuwele mbili zilizokua zikipenyana, kila moja imegeukia upande wake. Ukiitega kwenye mwanga, nusu moja inang'aa, nyingine inafifia. Ukiizungusha, zinapokezana. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Kosa langu ni kumwonyesha baba.

"Hii jiwe ya nani?"

"Yangu, baba. Ya kazi."

"Na mwenzako iko na gani? Nyinyi watoto ya tumbo moja."

Ndugu yangu alisema hataki jiwe, anataka udereva. Baba hakumsikia. Aliiweka fuwele kizingitini akachukua nyundo. Nilipiga kelele, "Baba, ni moja hiyo!" Akapiga. Pale zilipopenyana pakawa chenga. Akatugawia, kila mtu nusu yake, amefurahi kweli.

Kesho yake tukaenda Jinja sote wawili. Yule mzee alijaribu kuunganisha vipande, havikukutana. Nikamweleza habari ya nyundo. Akanirudishia. "Hizi ni felspa mbili tu, mwanangu. Nina gunia zima." Kazi akapewa mwingine. Nilimchukia baba siku ile, na sijamaliza.

Tuliporudi alikuwa mlangoni, bado na sare.

"Mmepata?"

"Hapana, baba."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

Akashusha pumzi, akavua kofia, akaagiza tuletewe chakula.