Maji ya Kaskazi

Shangazi yangu wa Bububu alinichotea maji mtungini kwa kata, akanipa kwa mikono miwili, nami nikashindwa kuyanywa.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, nami nilikuwa nimeajiriwa katika maabara ndogo ya maji mjini. Waliokuwa wakifanya kazi hiyo zamani walikwishaondoka, wakatuachia makabati ya vichupa na mafaili ya hesabu za miaka mingi. Tulikuwa wawili tu, mimi na mkuu wangu, mtu mpole aliyechukia maneno.

Kila mwezi nilichota maji ya kijito cha Bububu, nikayatia katika vichupa vyenye supu maalumu ya kukuzia vijidudu, nikavifungia katika sanduku la joto. Kichupa kilichofanya mapovu kilikuwa na vijidudu vya kinyesi. Ukikifungua, uvundo wake ulikuvaa mpaka kooni, kama mchuzi uliolala siku nyingi kwenye sufuria iliyofunikwa. Nilikuwa nikirudi nyumbani nanawa kwa ndimu, na bado wali ulininukia vile vile.

Mkuu wangu alikuwa akizijumlisha hesabu za mwaka mzima, akazigawa, akapata wastani, na wastani ule haukumtisha mtu. Lakini mimi niliyevinusa vile vichupa nilijua kuwa miezi haifanani. Wakati wa masika kijito hujaa na uchafu huzimuliwa na maji mengi. Wakati wa kaskazi, mvua zikikatika na jua likiwaka, hubaki uzi wa maji tu. Basi nikatoa mafaili ya zamani, nikaitenga miezi ya kaskazi peke yake, nikaipanga mwaka baada ya mwaka kwenye karatasi ya miraba. Mwaka mmoja mbaya ungeweza kuwa bahati mbaya, kwa hiyo nikachukua miaka mitatu mitatu kwa pamoja, nikachora mstari wa uchafu. Mstari ukapanda. Ulipanda polepole, bila kurudi chini, tangu mimi ni mtoto.

Na utotoni nililelewa na shangazi, kwa maji yale yale.

"Hunywi?" aliniuliza siku ile.

"Nshakunywa, shangazi."

"Umekunywa wapi, nawe umetoka mjini na jua lote hili?" Akaitazama kata, kisha akanitazama mimi. "Maji yangu unayaonea kinyaa?"

Nilijaribu kumweleza. Nikamwambia yana kinyesi, na kila kaskazi kinazidi. Akaichukua kata, akayanusa, akanywa kidogo mbele yangu, akanirudishia, akajifuta mdomo kwa pembe ya kanga.

"Hayanuki. Mimi nnayanywa kila siku, ningejua."

 Alikuwa akiyanywa kila siku, na kwa sababu hiyo hasa asingeweza kujua. Jambo linaloharibika kidogo kidogo pua hulizoea. Nilimwaga maji yangu uani nikidhani hanioni, naye aliniona. 

Kesho yake nilimpelekea mkuu wangu ile karatasi. 

"Ndugu, wastani wa mwaka ni mzuri," alisema.

"Watu hawanywi wastani. Wanakunywa maji ya siku ile."

"Tutaonekana tumelala miaka yote." Akaikunja, akaitia chini ya kikombe chake cha chai, na kikombe kikaiachia duara la rangi ya kahawia. Nilimchukia kwa lile duara kuliko kwa maneno yake.

Nikarudi Bububu, nikamwomba shangazi tufuate kijito kuelekea kinakotoka. Alikubali kwa hasira, ili anisute. Tulipita migomba, tukapita pale wanawake wanapofulia, tukaendelea kupanda mpaka tukafika kwenye zizi la ng'ombe. Lilianza na ng'ombe wachache, na sasa limejaa, na samadi inateleza moja kwa moja majini. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na vyoo vya nyumba mpya, mashimo yake yamefumuka upande wa kijito. Funza walikuwa wakicheza kwenye povu. Mwanamume mmoja alitoka chooni, akatuamkia kwa adabu, akanawa mikono mle mle kijitoni.

Shangazi hakumwitikia. Alishika mgomba akatapika, akatapika tena hata kilipokwisha cha kutapika.

Siku ile ile alikwenda nyumba kwa nyumba, akawachukua wanawake wenzake mpaka zizini, mmoja mmoja, waone kwa macho yao. Karatasi yangu hawakuihitaji. Waliketi mlangoni kwa mwenye ng'ombe mpaka akakubali kulihamisha zizi. Vyoo vilibaki. Wakaanza kuchota maji kwenye kisima cha mbali, nasi wa maabara tukaendelea kupeleka wastani mzuri.

Nilidhani shangazi atanishukuru. Nilipokwenda kumtembelea nikamkuta anachemsha maji ya kisima, ameinama juu ya sufuria, anayanusa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Hakuinua uso. "Maji yote yananinukia sasa. Hata ya kutawadha. Umeniambukiza pua yako."

Akanimiminia bilauri moja ya yaliyokwisha kupoa, akasubiri nianze mimi kuyanywa.