Kitanda cha Kijani Kilichokataa Kukauka

Siku ya kwanza sikupewa hata kiti cha kukalia. Fundi Mkuu, mwenye karakana pale Msambweni, aliniangalia kutoka ushungi mpaka nyayo, akanitupia kipande cha msasa. "We binti, nimeambiwa wajua kuwamba vitanda. Kamba ndiyo mwisho wa kazi. Kwanza utasugua." Nikasugua mpaka vidole vikatoka damu, na sikulia. Wajukuu zangu, lijueni hilo kabla sijaendelea: sikulia.

Miaka ile ya hamsini, samani mpya zilikuwa za wenye nazo. Wengine walinunua vya watu: kabati la mzungu aliyehama Diani, viti vya ofisi vilivyovunjika mgongo, vitanda vya marehemu. Kazi yetu ilikuwa kuvirudishia sura. Twafungua viungo, twamwaga maji yachemkayo matunduni, maana humo ndimo kunguni huzaa. Twaviunga tena kwa gundi ya kupika. Halafu msasa, mkali kwanza, laini baadaye, mpaka rangi ya zamani itoke yote. Rangi mpya huja baada ya hayo, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu siku zote. Msumari ukipinda, waung'oa. Rangi hungoja uipe mgongo ndipo ifanye vituko vyake.

Shule sikwenda. Nilikaa chuoni mpaka nikahitimu msahafu, basi. Mume alikuwa ameniacha na mtoto mchanga, na ujira wa karakana ndio uliotulisha. Mwanamke mwingine hakuwako pale. Mafundi walingoja nikosee tu. "Rudi ukasuke mikeka, dada," walinambia, na wakacheka.

Masika moja kililetwa kitanda kilichonunuliwa Vanga, cha harusi. Mama wa bwana harusi, Bi Mwanasiti, alikitaka kiwe kijani. Nilikisugua mwenyewe: matendegu, yaani miguu yake, na mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni. Nikakiacha barazani kipigwe na upepo, nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi nilikiona kinang'aa kidogo. Nikadhani ni unyevu wa mvua, nikakifuta. Fundi Mkuu akasema nipake, nikapaka.

Rangi ikakataa kukauka. Siku ya pili inanata. Siku ya nne inanata. Kila asubuhi naweka kidole, kidole chatoka kijani. Harusi ilikuwa Ijumaa.

"Msasa hukupiga," alisema Fundi Mkuu.

"Wallahi nilipiga, Fundi."

"Basi hukukiosha. Kitanda hiki kikikataliwa, usije tena hapa. Sitaki kuchekwa mji mzima kwa ajili yako."

Usiku nilikuwa nikimtazama mtoto wangu, najiuliza nitampa nini.

Jumatano akaja Bi Mwanasiti, amefurahi, leso mpya mabegani. "Shikamoo, mama," tukamwamkia wote.

"Marahaba wanangu. Kitanda changu hicho! Mwaona kilivyong'aa? Siku ile kabla ya rangi nilipita mlipokwenda kuswali, nikakikuta kikavu, kimepauka kama mtu aliyetoka homani. Nikakionea huruma. Nikakipaka mafuta ya nazi, kichwa mpaka miguu, na dua juu yake."

Mafuta ya nazi! Mafuta yale hayakauki milele, na rangi ukiipaka juu yake huelea tu. Nilimtazama Fundi Mkuu. Mishipa ya shingo ilimtoka. Lakini mama yule alikuwa rika la mama yake, na alikipaka kwa mapenzi. Utamkaripiaje?

"Ahsante, mama," alisema. "Mungu akuzidishie. Ijumaa kitakuwa tayari."

Bi Mwanasiti alipokwenda zake, Fundi Mkuu hakunambia pole. Alivunja chupa, akanipa kigae kimoja, cha pili akabaki nacho, akachutama penye tendegu moja. "We anza kichwani, mimi miguuni." Sijapata kumwona akichutama kwa kazi ya mtu mwingine, kabla wala baada. Tukakwangua rangi yote, tukakiosha kwa maji ya moto ya magadi, tukakikausha kwa majiko ya makaa, tukapaka upya, rangi nyembamba kama pazia. Alhamisi jioni nikakiwamba kamba. Kidole kilitoka safi, lakini mimi sikukiamini kidole changu tena.

Ijumaa nilikuwa miongoni mwa wanawake chumbani. Bibi harusi aliketishwa ukingoni mwa kitanda kile, juu ya mfumbati, amevaa nguo nyeupe. Mvua inanyesha, chumba kina joto, na yeye ameketi tu. Wenzangu walipiga vigelegele. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mfumbati. Alipoinuliwa, wote walimtazama uso. Mimi nilimtazama makalioni.

Nyeupe. Nyeupe pe!

Jumamosi nilikwenda kazini, na hakuna aliyenitajia mikeka.

Nilifanya kazi hiyo Msambweni, kisha Waa, mpaka kifua kikakataa vumbi la msasa. Sasa nimepumzika, na sioni haya kujisifu: vitanda vyangu vingali vimesimama katika nyumba za watu. Ila hofu haikustaafu. Mgeni akiinuka kitini kwangu, bado namchungulia nyuma. Mjukuu wangu huona haya: "Bibi, watu wataonaje?" Na waone. Rangi yangu haijapata kumfuata mtu nyumbani kwake.