Kata ya Kwanza Alipewa Golikipa Aliyefungwa

Ipo siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa wote niliokuwa nao siku hiyo wamezikwa migombani, nimebaki mimi na kikohozi changu.

Tulicheza mpira wa magongo pale Njoro, vijana wa kiwanda. Usishangae, magongo yalichezwa Moshi. Golikipa wetu alikuwa Matei, mtu wa Uru kama mimi. Pedi zake alishona mwenyewe kwa gunia, akajaza majani makavu ya migomba. Ule mpira ni mgumu kama jiwe la mtoni. Mimi beki niliukwepa, yeye aliufuata.

Siku ya fainali Matei aliokoa mpaka tukazoea. Mwishoni kabisa, kampira kamoja kakapita katikati ya miguu yake, polepole, kama kuku anaingia jikoni. Tukafungwa.

Njia nzima ya kurudi tukaimba, maana kapu halizuii maji: "Kapu! Matei kapu!"

Yeye akaja nyuma yetu.

Kwa baba mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa tayari. Mbege ya ulezi hasa, si hii yenu ya sukari. Kata ya kwanza ni ya mkubwa, unajua. Baba akaipokea, asinywe. Akatupita wote mpaka kwa Matei, aliyejitenga kule zizini, akampa.

"Baba, huyo ndiye katuangusha!" nikasema, nikicheka.

"Nyamaza. Matei, baba, pandisha suruali."

Akasita, akapandisha. Yale majani ya pedi yalishasagika. Miguu imevimba, imepiga weusi kama ndizi iliyosahauliwa.

Baba akanigeukia. "Haya, beki, tuonyeshe na yako."

Yangu ilikuwa laini kama ya bwana harusi.

Matei akanywa. Lakini langoni hakurudi tena, na jina likamganda kama kupe. Mwaka huu tumemzika. Pale msibani kijana mmoja kutoka Dar akaniinamia: "Shikamoo, babu. Huyu si ndiye Kapu, yule kipa mbovu?"

Nikageuka nitafute mwenzangu wa kusema naye. Hakuna. Wa kukumbuka ni mimi tu.

"Marahaba. Kaa hapa," nikamwambia. Nikamsimulia kama ninavyokusimulia wewe.

Kitanda usichokilalia, mwanangu, hujui kunguni wake. Bao huonwa na uwanja mzima. Mpira uliozuiwa hubaki mwilini mwa aliyeuzuia. Mtu wa namna hiyo msifu angali anasikia. Mimi nimemsifu Matei akiwa tayari udongoni.

Mungu akujalie wa kukukingia, na akupe macho ya kumwona.