Wavu wa Omena Juu ya Gata

Wiki iliyopita binti yangu alinipeleka Migori mjini nimsaidie kuchagua kinga ya gata, ule mfereji wa bati unaokinga maji ya paa. Anajenga Homa Bay, mahali palipo wazi upande wa ziwa, na upepo wa huko, wewe mwenyewe unaujua, haubishi hodi. Muuzaji akatupangia vipande juu ya meza: waya wa mashimo makubwa, waya wa mashimo madogo, plastiki iliyotobolewa, na wavu mmoja laini mweusi.

"Mzee, chagua wewe," akasema. "Nyinyi ndio mnaijua mvua ya huku."

Nikaushika ule wavu laini, na mkono ukakataa kutoka. Binti yangu akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema ni joto.

Halikuwa joto. Nilikuwa nimerudi Bonde la Lambwe, kwa nyanya yangu mzaa baba, miaka ya tisini ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza. Leo nimevuka hamsini, kichwa ni cheupe na wajukuu wananiita babu. Wakati huo nilikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa, na tulikuwa wawili tu katika boma lile, mimi na yeye. Yeye aliniita mume wangu, kama nyanya wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kiume, nami nikamwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, na kila mgeni aliyefika aliambiwa, "Huyu ndiye bwana wa nyumba. Msimwone mdogo."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya fito na udongo. Nyanya aliikandika kwa mikono yake na kuipaka samadi na majivu mpaka ukuta ukawa laini kama ndani ya kibuyu. Kwa miaka mingi iliezekwa nyasi. Mvua ikinyesha, maji yaliyodondoka yalikuwa na rangi ya chai na harufu ya moshi, hayanyweki. Ya kunywa tuliyafuata mtoni. Nyanya alitembea mbele na mtungi kichwani, mimi nyuma na kidumu, nikiwapunga mbung'o kwa tawi wasimuume mgongoni. Magoti yake yalilia kila hatua. Mimi niliyasikia, na nadhani yeye alijifanya hayasikii.

Ndipo baba mdogo, mwanawe wa mwisho aliyefanya kazi Migori, akaleta mabati, gata moja ndefu ya upande wa mbele, na tangi. Akaleta na fundi, Mkuria mmoja mrefu mwenye utani. Kijaluo hakukijua, kwa hiyo nyanya alizungumza naye Kiswahili chake cha sokoni.

"Fundi, hii maji ya juu, ndege si ameenda choo ndani?"

Fundi alicheka hadi ngazi ikatikisika. "Mama, mvua ya kwanza unaachia chini. Ya pili ndiyo unakunywa. Lakini shida yako si ndege. Ni huu mti."

Alimaanisha mti wa ober uliosimama karibu na nyumba. Vijani vyake ni vidogo kama punje za mtama, na haukuwa na msimu wa kuviangusha, uliviangusha tu.

"Mti ni ya mzee yangu. Haikatwi," nyanya akasema, akimaanisha marehemu babu.

"Basi weka kinga." Fundi akashuka, akatueleza huku akichora mchangani. Kinga nzuri ni waya wenye mashimo ya kupitisha punje ya hindi, ukazwe na ulale kufuata mteremko wa paa, ili mvua ya mawe iteleze na kuanguka chini. Kama waya haupo, gata iachwe wazi, mtu apande kila wiki atoe majani. "Kitu laini kinacholegea usiweke, mama. Kinashika kila kitu, na hakiachii."

Nyanya akanigeukia. "Mume wangu, wewe ndiye umesoma. Chagua."

Nataka unielewe jinsi nilivyochagua, maana nimejieleza mwenyewe mara nyingi na bado sijajisamehe. Waya ungepatikana Migori, baba mdogo angeuleta atakaporudi mwisho wa mwezi. Kuacha wazi kulimaanisha nipande mimi, na siku ingekuwa Ijumaa. Nyanya alikuwa Msabato wa kweli. Jumamosi jembe lililala, jiko lililala. Kila kazi ilimalizwa Ijumaa kabla jua halijatua: viazi vitamu vimechemshwa, maharage yameiva, kuni ziko ndani, nguo za kanisa zimenyooshwa chini ya godoro. Na Ijumaa jioni ndipo sisi wa kidato cha pili tulipocheza mpira na wale wa Magunga. Sikuutaka waya wa kungojewa wala ngazi ya kila Ijumaa.

Nikaenda kwa jirani yetu, mvuvi aliyerudi kutoka kisiwa cha Takawiri baada ya mgongo kumshinda. Alikuwa na wavu wa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, uliochakaa, wenye matundu ambayo hata sindano ingepita kwa shida.

"Mnataka kuvua nini huko juu?" akaniuliza. "Omena wa mbinguni?"

Niliufunga kwa waya kutoka ukingo wa mabati hadi mdomo wa gata, urefu wote wa nyumba. Ulilegea kidogo katikati, ukabonyea kama kitanda cha kamba. Nikaona si neno. Wavu uliozuia omena ungeshindwa na jani?

Na kwa kweli mwanzoni ulifanya kazi. Nakumbuka maji ya kwanza kuingia tangini, sauti yake tupu kama mtu anapiga debe mbali, kisha ikanenepa kadiri tangi lilivyojaa. Tulikaa mlangoni tukisikiliza. Nyanya alichota kikombe, akanywa, akasema yana ladha ya msumari mpya. Alipika uji wa wimbi kwa maji hayo na kumpelekea jirani aonje. Kwa msimu mzima hakwenda mtoni. Jioni alinyoosha miguu mkekani, akayapigapiga magoti yake na kuyaambia, "Mmepata likizo."

Lakini majani hayakuacha kuanguka. Yalilala juu ya wavu, na nyanya, ambaye hakusoma hata darasa moja, aliona nisichokiona. "Kila Ijumaa upande, ukung'ute," akaniambia. Nikapanda Ijumaa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha nikabuni njia. Nilichukua ufito, nikawa naigongagonga gata kutoka chini, kwanza huku, kisha kule, ili yeye aliye jikoni asikie.

"Umemaliza, mume wangu?"

"Nimemaliza, Dani."

Halafu nakimbilia uwanjani.

Jumamosi ile tulitoka kanisani pamoja na jirani mvuvi. Nyanya alimkaribisha viazi vitamu na maziwa ya mgando. Tulikuwa bado tunamenya wakati mawingu yalipojaa juu ya vilima vya Gwasi, si meusi, yalikuwa ya kijani kibichi kama jipu. Upepo ukafika kabla ya mvua. Kisha mawe. Juu ya mabati yalipiga kelele kiasi kwamba tuliongea kwa kusogeza midomo masikioni. Kupitia mlangoni niliyaona yakiviringika paani na kutua ndani ya wavu, juu ya majani, yakakaa. Wavu ukashuka kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba.

Jirani akachungulia nje. "Gata yenu inalia," akapaza sauti. "Nina kisu. Nisimame juu ya kiti nikate huo wavu?"

"Katika mawe haya? Kaa chini, na leo ni Sabato," nyanya akasema. "Kuna nini huko? Mume wangu aliisafisha jana."

Akanitazama akitabasamu, akanisukumia kiazi kingine.

Rafiki yangu, nilikuwa na neno moja tu la kusema. Sikusafisha. Mvuvi angetoka na kisu chake, angeukata wavu, na mawe yangemwagika chini. Nilifungua mdomo. Nikazilaumu kelele za mabati, nikaufunga. Nikala kile kiazi.

Mbao iliyoshika gata ilitoka na misumari yake yote. Gata ikaning'inia upande mmoja, mdomo wake ukiuelekea ukuta, na maji ya paa lote la mbele, badala ya kwenda tangini, yakarudi ukutani, upande wa kitanda cha nyanya. Tulisimama watatu tukiutazama ukuta ukibadilika rangi kutoka juu kwenda chini. Jirani aliuegemeza mwiko wa ugali ukutani kwa mzaha wa huzuni, kama mtu anayesaidia. Hapakuwa na la kufanya. Udongo alioukanda nyanya kwa mikono yake ulianza kuteleza taratibu kama uji, fito zikaonekana kama mbavu, na kabla ya jua kutua kona nzima ikaenda nje. Tulihamia jikoni na godoro moja lililolowa.

Jumapili asubuhi nyanya aliuokota wavu mwenyewe. Akaukung'uta juu ya majani ya mgomba. Majani ya ober ya juu yalikuwa mabichi. Ya chini yalikuwa meusi, yameshikana, yananuka kinyesi cha bata. Aliyavunja kwa vidole, akayatazama muda mrefu.

"Mume wangu," akasema, bila hasira, "majani ya siku moja hayaozi."

Basi. Kwa kila aliyekuja kutupa pole alisema mvua ilikuwa kubwa.

Baba mdogo alimchukua akaishi naye Migori, vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusagia unga, mahali ambapo maji huletwa kwa mkokoteni. Alisema ataijenga upya nyumba. Mimi nilibaki kwa jirani nimalize shule. Nilipomtembelea nyanya, aliuliza swali lile lile: "Kule kwangu mvua inanyesha?" Nilijibu inanyesha. Kila mara nilikwenda nimelipanga ungamo langu barabarani, na kila mara nililirudisha nyumbani. Alifariki kabla sijafanya mtihani wa kidato cha nne. Tulimrudisha Lambwe kwa mazishi, na ndipo jirani aliponiambia kwamba ni nyanya aliyeuosha ule wavu kabla ya kuondoka, akaukunja, akamrudishia afunikie miche ya sukuma wiki. Hapo ulifanya kazi vizuri.

Dukani nilimwambia binti yangu achukue waya wa mashimo ya punje ya hindi, ukazwe kufuata mteremko.

"Na Ijumaa nitakuja kupanda mwenyewe nikung'ute," nikaongeza.

Akacheka. "Baba, na magoti hayo? Na haya yote ulifundishwa na nani?"

"Fundi mmoja Mkuria," nikasema. Mengine sikuyasema, hata kwake.

Tukiwa njiani nilimwomba tupitie Lambwe. Nyumba ni kichuguu sasa, nyasi zimeota juu yake. Tangi liliondoka zamani, sijui nani alilichukua. Mti wa ober bado upo. Nilisimama chini yake kwa muda, na vijani vikaniangukia mabegani, vidogo kama mtama, vikaendelea kuanguka pale ambapo hapana tena paa la kuvipokea.